Sindano za dawa za kibiolojia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wagonjwa wa Bukavu

Ukurasa huu ni wa watu wa Bukavu, na ndugu zetu wa Goma, Uvira na Lubumbashi, ambao daktari amewaandikia adalimumab, etanercept au sindano nyingine ya jamii hiyo kwa ajili ya viungo, ngozi au utumbo. Umeandikwa na muuguzi ambaye kazi yake ni kufundisha wagonjwa kujidunga. Maswali nimeyaacha kama ninavyoyasikia. Yale yenye hatari kubwa nimeyapa nafasi kubwa. Yanayowatia watu hofu bure nimeyajibu kwa ufupi. Kama huna muda wa kusoma yote, soma la kifua kikuu na la homa, kisha urudi siku nyingine.

Dawa hizi zina tofauti gani na sindano za maumivu tulizozoea?

Sindano ya diklofenaki inatuliza maumivu kwa saa chache, basi. Dexa inapunguza uvimbe mwili mzima na mtu anajisikia amepona, lakini ikitumiwa miezi na miezi inalainisha mifupa, inapandisha sukari na presha, na kuvimbisha uso. Wagonjwa wengi wa viungo wanatufikia wakiwa wameshanunua dexa dukani muda mrefu bila mtu kuwauliza chochote.

Dawa ya kibiolojia ni protini iliyotengenezwa ndani ya chembe hai, na inalenga kitu kimoja tu katika kinga ya mwili. Kwa adalimumab, etanercept, infliximab, golimumab na certolizumab kitu hicho kinaitwa TNF, yaani ujumbe wa kemikali ambao chembe za kinga zinapelekeana ili kuwasha uvimbe. Nyingine zinalenga ujumbe mwingine: tocilizumab inazuia interleukini ya 6, secukinumab ya 17, ustekinumab ya 12 na ya 23. Wa kwanza kuonyesha kwamba kuzuia TNF kunatuliza baridi yabisi ya viungo walikuwa Marc Feldmann na Ravinder Maini, mjini London. Wagonjwa wao wa kwanza walitibiwa mwaka 1992 katika hospitali ya Charing Cross. Mwaka 1998 Marekani iliruhusu infliximab na etanercept, na adalimumab ikafuata mwishoni mwa 2002. Leo adalimumab imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa hiyo si dawa ya majaribio, na mtu asikwambie unafanyiwa uchunguzi.

Haiponyi ugonjwa. Inauzuia kuendelea kula viungo, ngozi au utumbo wakati unapoitumia.

Kwa nini daktari ananizungusha na vipimo? Mimi naumia sasa hivi.

Tunajua unaumia. Lakini usalama wa dawa hii unaamuliwa zaidi kabla ya sindano ya kwanza kuliko siku yoyote ya baadaye, na jambo la kwanza kabisa ni kifua kikuu, yaani TB.

Kongo ni mojawapo ya nchi 30 ambazo Shirika la Afya Duniani linazihesabu kuwa na mzigo mkubwa wa TB. Watu wengi kati yetu tuliwahi kuvuta vijidudu hivyo, darasani, ndani ya basi, nyumbani kwa jamaa aliyekuwa anakohoa, na hatukuugua, kwa sababu mwili ulivizungushia ukuta na kuvifungia humo. TNF ndiyo inayoushikilia ukuta ule. Ukiizuia, ukuta unalegea, na vijidudu vilivyolala miaka 20 vinatoka. Mwaka 2001 ilichapishwa Marekani taarifa ya wagonjwa 70 waliougua TB baada ya kupewa infliximab. Nusu yao waliugua ndani ya majuma 12 tangu waanze dawa, na kwa wagonjwa 40 ugonjwa ulikuwa nje ya mapafu: kwenye tezi, tumbo, mifupa, uti wa mgongo. Tangu hapo hakuna daktari makini anayeanza dawa ya kuzuia TNF bila kuitafuta TB.

Kwa hiyo utaulizwa historia yako, utapigwa radio, yaani picha ya eksirei, ya kifua, na kufanyiwa kipimo cha ngozi kwenye mkono au kipimo cha damu kinachofanya kazi hiyohiyo. Tafadhali sema ukweli kuhusu prednisone au dexa unayotumia: dawa hizo zinaweza kufanya kipimo cha ngozi kionekane hakina kitu wakati vijidudu vipo. Mwambie daktari pia kama kuna mtu nyumbani aliyewahi kutibiwa TB, hata kama ni zamani, hata kama familia haipendi kulitaja jambo hilo. Aibu hiyo inagharimu maisha.

Wakikuta TB iliyolala, utapewa dawa ya kinga, kwa kawaida isoniazidi peke yake kwa miezi 6 au 9, au mchanganyiko wa muda mfupi zaidi. Mara nyingi sindano inaweza kuanza baada ya mwezi mmoja wa dawa hiyo, lakini dawa hiyo ya kinga unaimaliza yote. Wakikuta TB iliyoamka, unaitibu kwanza. Matibabu ya TB kwetu ni bure kupitia mpango wa taifa, kwenye vituo vya afya vinavyoipima na kuitibu.

Na vipimo vingine ni vya nini?

Hepatiti B, kwa sababu kirusi kilicholala kwenye ini kinaweza kuamka, hasa kwa rituximab, dawa nyingine ya kibiolojia. Omba wapime antijeni ya HBs pamoja na kingamwili za HBc. Ya kwanza peke yake haitoshi. Virusi vya Ukimwi vinapimwa pia. Ukikutwa navyo, mlango haujafungwa, ila vinatakiwa vidhibitiwe kwanza na dawa. Damu ya kawaida, ini na figo. Minyoo ya strongiloidi inastahili kufikiriwa kwa mtu anayelima au kutembea pekupeku. Na sema kama moyo wako una udhaifu au kama uliwahi kuugua mishipa ya fahamu, maana dawa za kuzuia TNF hazimfai kila mtu mwenye hali hizo.

Nimepata homa na kesho ndiyo siku ya sindano. Nijidunge?

Hapana. Sindano inangoja. Kuchelewa juma moja hakutakuharibia viungo, lakini kuongeza dawa inayopunguza kinga juu ya maambukizi makali kunaweza kukuua.

Halafu nenda kupimwa, siku hiyohiyo. Hapa kwetu homa ikipanda kila mtu ana jibu tayari: malaria. Nyumbani wanakununulia dawa, au wanakutundikia chupa ya kwinini, na siku tatu zinapita. Kwa mtu asiyetumia dawa hizi siku tatu pengine zinavumilika. Kwako hazivumiliki. Malaria ipimwe kweli kwa kipimo cha haraka au darubini, na ikionekana itibiwe. Lakini hata ikionekana, homa isiposhuka ndani ya saa 48 za matibabu rudi, kwa sababu mtu anaweza kuwa na malaria na nimonia pamoja. Vilevile usiridhike na karatasi ya Widal inayosema una tifoidi. Kipimo hicho kinawapa tifoidi watu wengi wasio nayo, na nimeona kinavyowafumba macho watu wasitafute kitu kingine.

Dalili ambazo hazingoji hata asubuhi ni kushindwa kupumua vizuri, shingo kukakamaa, kuchanganyikiwa, kutetemeka kwa baridi kali, au kiungo kimoja kuvimba ghafla na kuwa cha moto kuliko vingine vyote. Hilo la mwisho watu wanalipuuza wakidhani ni ugonjwa wao wa siku zote umerudi. Kumbe linaweza kuwa usaha ndani ya kiungo.

Kukohoa zaidi ya majuma mawili, jasho la usiku linalolowesha shuka, kupungua uzito na tezi za shingo kuvimba, yote hayo ni TB mpaka ithibitishwe kuwa siyo, hata kama vipimo vyako vya mwanzo vilikuwa safi.

Kuna mambo mawili ambayo hata wafanyakazi wa afya wanaweza wasiyakumbuke, kwa hiyo wewe uyakumbuke. La kwanza, dawa haitoki mwilini siku unapoacha kujidunga. Adalimumab inachukua kama majuma mawili kupungua nusu, na inaweza kukaa mwilini hadi miezi minne. Uliyeacha mwezi uliopita bado ni mgonjwa wa kuangaliwa kwa makini. La pili linahusu tocilizumab: inaizima ile CRP inayopimwa kwenye damu ili kuonyesha uvimbe, na inaweza kupunguza hata homa. Mtu anaonekana karatasini hana kitu, kumbe ana maambukizi mazito. Anayeitumia asisubiri joto lipande ndipo ajione anaumwa.

Tunamwomba kila mgonjwa atembee na kadi ndogo iliyoandikwa kwa Kifaransa: jina la dawa, tarehe ya sindano ya mwisho, sentensi moja kwamba dawa hiyo inapunguza kinga na inaweza kuamsha TB, na namba ya simu ya daktari wake. Ukifikishwa usiku kwenye kituo ambacho hawakujui, na wewe huwezi kuongea, kadi itaongea.

Mama mkwe wangu analeta dawa kutoka Kigali. Aifunge vipi?

Swali hili linahitaji jibu refu, kwa sababu hapa ndipo dawa nyingi zinapoharibikia bila mtu kujua.

Dawa inakaa kati ya nyuzi 2 na 8. Watu wanaogopa joto, na wana haki, lakini barafu inaharibu haraka zaidi. Mgonjwa mmoja wa Kadutu aliletewa boksi kupitia mpaka wa Ruzizi. Lilikuwa ndani ya ndoo, limezikwa katikati ya mifuko ya barafu, na juu yake blanketi. Aliyeleta alijitahidi kwa upendo wote. Tulipofungua, katoni ilikuwa imelowa na kushikana na barafu, na seringi moja ilikuwa na vipande vya barafu ndani. Nyingine ilionekana safi kabisa, maji meupe kama kawaida. Zote mbili zilitupwa, kwa sababu protini iliyoganda ikayeyuka inaweza kuonekana nzima kwa macho huku imevunjika. Usiipime kwa jicho.

Namna nzuri ni kisanduku cha baridi cha kubebea, chenye vifuko vya baridi vilivyokaa nje ya friza kidogo mpaka unapovitikisa unasikia maji ndani. Kati ya vifuko na boksi la dawa weka taulo au katoni nene. Dawa ibaki ndani ya boksi lake, maana mwanga nao unaiharibu. Kipimajoto kidogo kikiwemo, vizuri zaidi. Abebe pia karatasi ya daktari na risiti ya duka. Mpakani vitamrahisishia kazi.

Dukani aangalie: boksi halijafunguliwa, tarehe ya mwisho haijafika, namba ya toleo kwenye boksi ni ileile iliyoko kwenye seringi, na dawa imetolewa kwenye frigo mbele ya macho yake. Dawa ya kibiolojia iliyopangwa kwenye rafu karibu na paracetamol usiinunue hata kwa nusu bei. Anayekuuzia ndani ya mfuko sokoni, vivyo hivyo. Andika namba ya toleo katika daftari lako au ipige picha. Ikitokea shida, ndiyo namba itakayowezesha kufuatilia.

Umeme unakatika kila siku. Frigo yangu inatosha?

Inatosha ukiitawala. Weka dawa katikati ya frigo, si mlangoni ambapo joto linabadilika kila mtu akichukua maji, wala si kwenye ukuta wa nyuma ambapo inaweza kuganda. Jaza nafasi tupu kwa chupa za maji. Zinatunza baridi umeme unapoondoka. Umeme ukikatika andika saa, na frigo isifunguliwe. Ikibaki imefungwa inashika baridi kama saa nne.

Bukavu tuna bahati moja: mji uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na ndani ya nyumba yenye kivuli joto kwa kawaida halipiti nyuzi 25. Hilo lina maana kubwa, kwa sababu aina nyingi za adalimumab zinaruhusiwa kukaa nje ya frigo chini ya nyuzi 25 hadi siku 14, na baadhi ya etanercept hadi majuma 4. Soma karatasi iliyo ndani ya boksi lako mwenyewe, maana kila chapa ina muda wake. Siku ya kwanza ya kutoka frigo iandike juu ya boksi kwa bikipeni. Ukiirudisha kwenye baridi, siku zile hazifutiki. Muda ukiisha, hiyo dawa ni ya kutupa.

Uvira na Lubumbashi hesabu ni nyingine. Ukishuka Kamanyola kuelekea Uvira joto linapanda, na Lubumbashi mwezi wa 10 linapita 30. Huko ruhusa ya siku 14 inaweza kuwa haipo hata siku moja. Kama huna frigo ya kuaminika, mwombe mfamasia mwenye jenereta au sola akutunzie, uchukue dozi moja moja.

Nijidunge wapi, na vipi? Mkono unatetemeka.

Kutetemeka ni kawaida. Sindano ya kwanza ufanye mbele ya muuguzi, na ya pili pia kama unataka.

Toa dawa kwenye frigo kama nusu saa kabla, uiache ikae mezani yenyewe. Usiiweke kwenye maji ya moto, juani wala kwapani, na usiitikise. Dawa baridi inauma zaidi, sababu ndiyo hiyo. Itazame kupitia kidirisha: iwe angavu kama maji au na unjano kidogo. Ikiwa na ukungu, vipande au rangi ya ajabu, iache. Etanercept inaweza kuwa na chembe ndogo nyeupe na karatasi yake inasema hivyo, lakini kwa nyingine chembe ni alama ya kuharibika.

Osha mikono kwa sabuni. Chagua paja upande wa mbele, au tumbo, ukiacha sentimita 5 kuzunguka kitovu. Nyuma ya mkono wa juu ni pale tu mtu mwingine anapokudunga. Usidunge kwenye kovu, uvimbe, wekundu, au bamba la soriasi. Hama kila mara, angalau sentimita 3 kutoka ulipodunga mara iliyopita; wengine wanaandika kwenye kalenda ya ukutani: paja la kulia, paja la kushoto, tumbo. Safisha kwa spiriti na usubiri pakauke kabisa. Ukidunga pakiwa bado pamelowa patawasha, na utailaumu dawa bure.

Kama ni kalamu ya sindano, isimamishe wima, igandamize ngozi, bonyeza. Utasikia mlio. Kosa la kawaida ni kuinua mkono palepale, na dawa inamwagika juu ya ngozi. Baki umegandamiza mpaka kidirisha kibadilike rangi chote, kama sekunde 10 hadi 15. Kama ni seringi ya kawaida, bana ngozi kidogo, ingiza kwa kulaza nusu, sukuma polepole. Ukimaliza weka pamba, usisugue.

Pakiwa pekundu na pakiwasha siku moja mbili, kitambaa cha baridi kinatosha. Vipele mwili mzima, midomo au macho kuvimba, kukosa pumzi, hiyo ni ya kukimbilia hospitali, si ya kusubiri.

Nimesahau siku. Nipige mbili pamoja?

Usipige mbili kamwe. Kwa adalimumab, jidunge mara unapokumbuka, kisha inayofuata irudi kwenye siku yake ya zamani. Kwa nyingine, piga simu.

Mpaka ukifungwa au dawa ikikosekana majuma kadhaa, mjulishe daktari mapema. Infliximab, ile ya kutundikwa kwenye mshipa, ina jambo lake: ukikaa muda mrefu bila kuipata, mwili unaweza kuikataa kwa mzio mkali siku unaporudi. Kwa hiyo ianzishwe tena hospitalini tu, penye watu na vifaa vya kukuokoa.

Naruhusiwa kupata chanjo?

Chanjo zisizo hai, ndiyo, na tunakusihi uzipate: hepatiti B, pepopunda, nimonia, mafua. Chanjo hai, hapana, wakati unapotumia dawa. Hai ni pamoja na surua, homa ya manjano, BCG (ile ya kifua kikuu) na polio ya matone.

Homa ya manjano ndiyo inayoleta kelele safarini. Kama ulichanjwa zamani, tulia: tangu Julai 2016 cheti kinahesabika maisha yote, huhitaji kurudia. Kama hukuwahi, jambo hilo lipangwe angalau majuma manne kabla ya kuanza sindano. Na kama umeshaanza, omba daktari akuandikie barua ya msamaha. Usikubali kuchanjwa mpakani ili tu upite.

Mpox imetusumbua Kivu Kusini tangu mlipuko wa Kamituga. Chanjo ya MVA-BN haina kirusi kinachozaliana mwilini, na mwenye kinga iliyopunguzwa anaweza kuipata. Ile ya LC16 ni hai, haikufai. Uliza jina kabla ya kunyoosha mkono. Chanjo ya Ebola iliyotumika Kivu wakati wa mlipuko wa 2018 hadi 2020 nayo ni hai. Ukiambiwa umegusana na mgonjwa wa Ebola, usikimbie timu wala usinyamaze. Waambie unatumia dawa gani, nao wapime hatari zote mbili pamoja nawe.

Nina mimba. Niache?

Usiache peke yako, usiendelee peke yako. Ugonjwa usiodhibitiwa nao unadhuru mimba. Dawa kadhaa za kuzuia TNF zinaweza kuendelea kwa uamuzi wa daktari, na certolizumab ndiyo inayopita kidogo sana kwenda kwa mtoto. Methotrexate, dawa ya kumeza ambayo wengine wanapewa pamoja na sindano, ni jambo lingine: haitakiwi kabisa katika mimba, na inaachwa kabla ya kuitafuta. Kunyonyesha ukiwa kwenye sindano za kuzuia TNF kwa kawaida kunawezekana.

Sasa sikiliza, mama. Kwetu mtoto anapewa BCG mara tu anapozaliwa. BCG ni hai. Adalimumab uliyopata katika miezi ya mwisho ya mimba inavuka kwenda kwa mtoto, na inashauriwa asipewe chanjo hai mpaka ipite miezi 5 tangu sindano yako ya mwisho. Kwa infliximab ni miezi 12 tangu azaliwe. Wakunga wa wodini hawawezi kulijua hilo usipowaambia. Liandike juu ya karatasi ya kliniki kwa herufi kubwa tangu miezi ya mwanzo, na mwambie pia atakayekusindikiza kujifungua. Chanjo zake nyingine, zisizo hai, apewe kwa wakati.

Daktari kanipa na methotrexate. Mbona dawa mbili?

Zikiwa pamoja, methotrexate inauzuia mwili kutengeneza kingamwili za kuipinga sindano, na sindano inaendelea kufanya kazi. Lakini shika hili sana: methotrexate ya viungo inamezwa mara moja kwa juma. Kuimeza kila siku kumeua watu. Chagua siku, mathalani Jumapili, na iandikwe kwenye chupa. Asidi ya foliki uimeze kama ulivyoelekezwa. Pombe iache.

Prednisone usiikate ghafla kwa sababu umepata sindano. Inapunguzwa polepole na daktari. Na dawa mbili za kibiolojia hazipigwi kwa pamoja.

Kuna chakula cha kuepuka?

Maziwa yachemshwe, hata ya ng'ombe unayemjua. Jibini ya Masisi tunaipenda sote, lakini ikitengenezwa kwa maziwa mabichi inaweza kubeba vijidudu vya brusela na listeria, hivyo kula ile tu ambayo unajua maziwa yake yalichemshwa. Nyama na mayai viive. Maji ya ziwa yasinywewe bila kuchemshwa au kutiwa dawa. Kipindupindu kinaijua pwani yetu. Zaidi ya hapo, kula kama familia inavyokula.

Dawa za mizizi zilete uzionyeshe kabla ya kunywa. Hatutakugombeza. Baadhi zinachosha ini, na ini lako tayari lina kazi.

Nimepata nafuu kabisa. Kwa nini niendelee kulipa?

Kwa sababu nafuu hiyo inatokana na dawa. Ukiacha, kwa wengi ugonjwa unarudi, na ukianza na kuacha mara kwa mara mwili unaweza kujifunza kuikataa. Pesa ikiwa imekushinda, sema wazi. Daktari anaweza kutafuta dawa inayofanana, iliyotengenezwa na kiwanda kingine baada ya haki ya chapa ya kwanza kuisha. Kwa adalimumab zilianza kuuzwa Ulaya Oktoba 2018, na kwa kawaida bei yake iko chini. Ukiwa umetulia muda mrefu anaweza pia kurefusha nafasi kati ya sindano. Wataalamu wa viungo ni wachache mno nchini, wengi wako Kinshasa, lakini daktari wako wa hapa anaweza kuwasiliana nao kwa simu. Mwombe afanye hivyo.

Sindano zilizotumika nitupe wapi?

Usizifunike tena kwa kifuniko, usizitupe jalalani wala chooni, watoto wanaokota. Tumia lile boksi la katoni la njano linaloonekana kwenye kampeni za chanjo, au chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko cha kuzungusha. Ikijaa robo tatu, ifunge uipeleke kwenye kituo cha afya wakaichome.

Jirani ana viungo vinavyouma kama vyangu. Naweza kumpa kalamu moja iliyobaki?

Hapana. Hajapimwa TB wala hepatiti, na pengine ugonjwa wake si wako. Mpeleke kwa daktari wako, umsindikize mwenyewe ikiwezekana. Kalamu iliyobaki ikiwa haijapita muda na haijatoka kwenye baridi, mwulize mfamasia kama unaweza kuitumia kwa dozi yako inayofuata.